Nguzo Iliyokula Kichapo

Nchi yenyewe siitaji jina. Ukilitaja bila ruhusa unapigwa, na ukilitaja kwa ruhusa unapigwa kidogo, ili ukumbuke nani alikuruhusu. Wewe jua tu kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo, na ina watu kama wewe ambao wakiamka asubuhi wanajipapasa mbavu kwanza ndiyo wanapiga mswaki.

Ni nchi nzuri. Naipenda, na hapa ninaposema hivi hakuna mtu aliyenikaba.

Huko kwetu kila kilichopinda kinapigwa mpaka kinyooke. Hiyo ndiyo siasa yetu yote, mengine porojo. Mbuzi akitembea upande, anapigwa. Kuna kona moja kali ya barabara nje ya mji, askari wanaichapa mijeledi kila Jumatatu, na kweli, tangu waanze kuichapa haijaongezeka ukali. Mto ulipofurika ukaacha njia yake, kikosi kizima kiliingia majini kuupiga. Walirudi wameloa chapachapa, wawili hawakurudi, wakatuambia mto umekiri makosa.

Kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Unyoofu, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Kibarango, mtu mfupi, mnene, anayeongea kama anatafuna mfupa. Juu yake yuko Mbeba Nchi. Ndiyo cheo chake hicho, kwa sababu nchi yote kaibeba mabegani. Hata mwavuli wake anashikiwa na mtu, lakini nchi anaibeba.

*

Mizani hatuna. Zamani zilikuwepo. Siku moja Mbeba Nchi alitembelea mashine ya kusaga unga, akapanda kwa utani kwenye mizani ya magunia, mizani ikamsoma. Walinzi waliipiga risasi palepale. Mwenye mashine naye wakampiga risasi, maana alikuwa amesimama karibu na inawezekana aliona.

Kesho yake ikatoka sheria: wakubwa hawana uzito. Kuanzia naibu waziri kwenda juu, mtu hana uzito wowote, na anayesema anao anaelimishwa kwa rungu. Raia ndio wenye uzito, tena mwingi, ndiyo maana nchi inachosha kuibeba.

Kwa hiyo kwetu kitu kinapimwa kwa watu. Kazi yangu ndiyo hiyo. Shule niliacha mapema, mwalimu alinipiga nikampiga, tukaagana hivyo. Nikamfuata braza wangu Shomvi pale Kituo cha Uzito wa Taifa, na mimi nikawa uzito. Unapandishwa juu ya kitu. Kisipovunjika, kimefaulu. Kikivunjika, umevunjika wewe. Baba yetu alikuwa uzito wa madaraja, na daraja la mwisho halikufaulu. Mama alimfuata kwa majonzi. Nikabaki na Shomvi, basi, sina mwingine.

Shomvi hakuwa uzito wa hivi hivi. Yeye ndiye alikuwa Mtu Mmoja Halali. Ukisikia daraja fulani linabeba watu mia, maana yake linabeba akina Shomvi mia. Waziri alikuwa anakuja mwenyewe kumminya tumbo kuhakikisha hajabadilika. Akinenepa anapigwa. Akikonda anapigwa, halafu anapewa ugali.

"Pazi," aliniambia siku moja, huku anapangusa damu puani, "mimi ndiye mtu pekee nchi hii ambaye serikali inajali kama amekula."

*

Ikaja Sikukuu ya Mabega. Mbeba Nchi akataka jukwaa refu kuliko mapaa yote ya mji, ili akihutubia asione mtu anayepiga miayo. Likaamuliwa lisimame juu ya nguzo za bomba, chuma kilicho tupu ndani. Chuma kizima kilikataliwa na watu wa usalama. Walisema chuma kizima hujui kimeficha nini. Bomba unachungulia.

Aliyepewa kazi ni Injinia Lukindo, msomi kabisa, mpole, miwani yake imefungwa kwa waya. Alitusimamisha mbele ya nguzo ya kwanza, ndefu inakwenda juu huko, juu yake wameweka ubao wa kukalia.

"Nguzo kama hii haina shida ya unene tu," akasema. "Shida kubwa ni urefu. Bomba hilihili likiwa fupi, unaliegeshea lori. Likiwa refu, ukilizidishia mzigo linatafuta pa kutokea. Linatokea kiunoni."

"Lina kiuno?" Shomvi akauliza.

"Utakiona."

Tukapanda ngazi mmoja mmoja, wa kwanza Shomvi kama sheria inavyotaka. Tukakaliana mapajani kama viti vya plastiki vilivyopangwa dukani. Tulipofika tisa nguzo ikawa imetulia tu. Wa kumi alikuwa Ngwali, jamaa mmoja mwembamba, mcheshi, anadaiwa kucheka wakati wa wimbo wa taifa. Hakuwahi hata kuweka makalio vizuri. Bomba likabonyea katikati, taratibu kwanza, kama mtu anayeinama kuokota kitu, halafu kwa mkupuo. Mimi niliangukia watu. Ngwali aliangukia kichwa chake. Shomvi alikuwa chini yetu wote, na mkono wake ukatoa sauti ya muwa.

Injinia akavua miwani. Akasema kwa sauti ndogo, "Tisa. Na kwa usalama tuseme watano, Mheshimiwa. Wanne ikiwezekana."

Waziri Kibarango hata hakumtazama. Alikuwa anaitazama nguzo.

"Imepinda mbele yangu," akasema. "Nikiwa nimesimama hapa. Na suti."

Akanyoosha kidole. Askari wakaivamia nguzo kwa rungu na nyundo za mawe. Anayewaongoza alikuwa Afande Ndumba, mtu mkubwa ambaye akikupiga anakuomba radhi kwanza ili mkono wake usipate mkosi. Waliipiga mpaka jua likahama. Ngwali alikuwa bado amelala pale, wakawa wanamruka. Mwisho nguzo ikanyooka, imejaa makovu kiunoni, wakaipaka rangi ya bendera.

Halafu wakamgeukia Shomvi, kwa kuwa yeye ndiye alikaa wa kwanza, kwa hiyo ndiye aliyeanzisha. Walimpiga kwenye mkono uleule. Mimi nilipiga hatua moja mbele nikaamkia kwenye matope.

Nilipofungua macho nikamsikia Injinia anasema, "Mheshimiwa, naomba hii nguzo isitumike. Bomba likishapinda limeisha. Hata ukilinyoosha vipi, litapinda palepale, tena kwa mzigo mdogo kuliko ule wa kwanza."

Askari mmoja aliyekuwa anapiga mluzi akaacha.

"Rudia," Waziri akasema.

"Linabaki dhaifu, Mheshimiwa. Ule unyoofu ni wa macho tu."

"Yaani kitu kikipigwa kinakuwa dhaifu."

"Bomba, Mheshimiwa. Nazungumzia bomba."

"Mnamsikia huyu?" Waziri akawageukia askari. "Wananchi wetu wote tumeshawapiga. Anasema tumejaza nchi watu dhaifu. Anasema tukiwakalia wataanguka."

"Samahani, Injinia," akasema Afande Ndumba, na kuanzia hapo sikuona vizuri kwa sababu ya migongo ya askari. Nilisikia tu. Miwani ilitoka nje ya kundi peke yake. Baadaye yakatoka meno. Kila baada ya muda Waziri aliinua mkono, wakasimama, akauliza, "Sasa bomba lina hali gani?" Mara ya kwanza Injinia akasema limeisha. Mara ya pili akasema linahitaji uangalizi. Mara ya tatu akasema, "Limekaa vizuri, Mheshimiwa."

"Imara kuliko mwanzo?"

"Imara kuliko mwanzo."

"Mnaona," Waziri akasema, anapangusa jasho ambalo halikumtoka. "Na yeye amenyooka."

*

Hapo ndipo Waziri akapata wazo ambalo lilimpatia nishani. Alisema kama nguzo iliyopigwa ndiyo nguzo iliyofundishwa, basi zile ambazo hazijapigwa msimamo wake hatuujui. Zikapindishwa zote. Halafu zikapigwa zote, zikanyooshwa, zikapakwa rangi. Ile ya kwanza kabisa, kwa kuwa ndiyo mwanafunzi mkongwe, ikapewa heshima ya kusimama chini ya kiti cha Mbeba Nchi.

Na Shomvi akahukumiwa. Kosa: kumpindisha mtumishi wa umma. Adhabu: kwa kuwa yeye ndiye aliyeipindisha, aikumbatie. Wakamfunga mnyororo na nguzo ile, kifua kwa chuma, huku chini gizani ambako mbao za jukwaa zimeziba jua, akae hapo mpaka sikukuu iishe.

Nikaenda mchana kumpelekea uji. Injinia alikuwa hukohuko chini anakagua, maana hakufukuzwa kazi. Mtu akishanyooshwa kwetu anaaminika sana.

"Braza, vipi?"

"Safi," Shomvi akasema. Mkono wake mmoja ulikuwa unaning'inia kama si wake. "Nimepata mchumba. Hana mdomo."

"Usicheze."

"Sichezi, Pazi. Hebu weka kiganja hapa. Unasikia? Lina kovu, na juu hakuna hata mtu, ni mbao tu, na bado linatetemeka. Siku wakipanda hao wakubwa, mimi ndiye nitakuwa mkate, hili ndilo litakuwa kisu."

Nikamgeukia Injinia. Alikuwa anaongea kwa shida, maneno yanatokea kwenye mapengo.

"Litabeba wangapi?"

"Wawili. Watatu wakikaa kimya."

"Na siku hiyo watapanda wangapi?"

Akatabasamu, na bora asingetabasamu, mdomo ulikuwa umeoza. "Raia tisa kwa kila nguzo, ndiyo kiwango kilichopitishwa. Juu yao wakubwa wote, kwa kuwa hao hawana uzito."

"Waambie sasa."

"Pazi, mdogo wangu, mimi sina tena pa kusemea. Walipanyoosha. Siku hizi naulizwa, nakubali." Akaligonga bomba kwa kucha, akasikiliza. "Ila wakiniuliza, lazima nijibu. Ngoja waniulize."

Sikungoja. Ufunguo wa mnyororo alikuwa nao Afande Ndumba, kautundika shingoni. Nikamfuata nikamwambia afande, yule ni ndugu yangu, baki yangu duniani ni yule, nifungie mimi mahali pake. Akanisikiliza vizuri sana. Akasema samahani, akanivunja vidole viwili.

*

Siku ya Sikukuu watu tulikuja wengi, maana asiyekuja anafuatwa. Mimi nilipangwa kule chini kama uzito wa akiba, pamoja na askari wa Afande Ndumba waliokuwa wanalinda nguzo zisikimbie.

Juu walianza kupanda waimbaji, raia tisa kila nguzo, na mwenye tumbo kubwa akatolewa kwa ajili ya usalama. Halafu wakapanda wasio na uzito. Mawaziri. Wake za mawaziri. Majenerali na nishani zao, zinalia kama kengele za ng'ombe. Bendi ya jeshi na ngoma zake, iliyopandishwa vyeo asubuhi ile ili isiwe na uzito. Mwisho wakapandisha sanamu ya shaba ya Mbeba Nchi, kubwa kuliko mwenyewe, kwa kuwa sanamu ya mtu asiye na uzito nayo haina uzito. Iliwachukua askari ishirini kuisukuma, na wanne waliteguka viuno. Wakapigwa kwa kuigiza.

Halafu akapanda yeye mwenyewe, akaketi juu ya ile nguzo. Bomba likasema *ng'iii*.

"Pazi," Shomvi akasema, taratibu, shavu lake limebanwa kwenye chuma. "Linanisukuma."

Juu hotuba ikaanza. "Wananchi wapendwa mliopinda na mliokwisha kunyooka! Mnaniuliza, je, Mbeba Nchi huchoki? Nawajibu: nachoka kwa niaba yenu. Mnaniuliza, je, nchi ni nzito? Nawajibu: ni nzito kwa sababu yenu. Nchi nyingine zina milima, zina madini. Sisi tuna bega. Bega hili." Watu wakapiga makofi, wengine kwa mkono mmoja, kadiri walivyobakiwa.

Chini rangi ya bendera ilianza kubanduka kwenye kovu. Kijani kwanza, halafu nyekundu. Kiuno kikaonekana. Mnyororo ulikuwa umemkaza Shomvi mpaka hapumui vizuri, macho yanataka kutoka. Nikaushika kwa vidole vyangu vizima nikavuta kama mwehu. Askari akanipiga rungu la mgongo, nikaendelea kuvuta.

Afande Ndumba akamwita Injinia pembeni. Yule mtu mkubwa alikuwa anatoka jasho.

"Injinia. Linapinda."

"Ndiyo, Afande."

"Si ulisema liko imara?"

"Nilisema, Afande. Ulikuwepo."

"Nikawaambie washuke?"

"Ukawaambie wana uzito?"

Afande akatazama juu, akatazama bomba. "Sasa tufanye nini?"

Injinia Lukindo alichukua muda wake. Alisafisha miwani yake yenye kioo kimoja kwa shati, akaivaa, akaniangalia mimi, akamwangalia braza.

"Sera inasemaje, Afande?"

"Kilichopinda kinapigwa."

"Basi."

"Likiwa limebeba?"

"Mimi mlinipiga nikiwa nimebeba mke na watoto wanne. Nikanyooka. Au sikunyooka?"

"Ulinyooka," Afande akakubali. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake.

"Ila huyu mtoeni kwanza," Injinia akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo. "Amewazibia. Rungu zitamwingia yeye, kichapo cha serikali kitapotea bure. Bomba linatakiwa liwe wazi, kila askari apate nafasi ya kurusha mkono."

Afande akavua ufunguo shingoni. Akafungua mnyororo mwenyewe, akamtupa Shomvi kwangu kama gunia. Nikamkokota. Nilipofika kwenye mwanga nikageuka.

"Injinia, twende."

"Tangulia. Nikiondoka watapiga juujuu." Akawaonyesha askari kwa kidole, kwa upole uleule aliotufundishia sisi. "Kiunoni, wakuu. Palepale mlipopiga mara ya kwanza. Wote kwa pamoja, semeni samahani yenu, haya."

Juu sauti ilikuwa inasema, "Na nani anayeibeba nchi hii? Semeni kwa pamoja, ni nani ana—"

Wakapiga.

Nakuambia ile sheria haikuwa ya uongo. Wakubwa hawana uzito, niliona kwa macho yangu: walipokuwa hewani walikuwa wepesi sana, wanaelea na makoti yao, kofia zao, hata Waziri Kibarango alionekana kama karatasi. Shida ilianza walipofika chini. Nguzo moja ilivuta ya pili, zote zilikuwa zimefundishwa somo moja, zikainama kwa pamoja kama watu wanaosalimia. Sanamu ilishuka mwisho. Ilitua mabegani mwa Mbeba Nchi, ikakaa hapo. Bendi iliendelea kutoa sauti kwa muda, si ya nyimbo. Vumbi lilipotulia damu ilikuwa inatoka chini ya mbao kama maji ya kudeki.

Na waimbaji nao walikuwa humo, usisahau. Hao walikuwa na uzito. Nilimwona mmoja ninayemfahamu, muuza maandazi wa mtaani kwetu, bado ameshika karatasi ya wimbo.

Shomvi alilala kwenye vumbi ananipiga makofi shavuni kwa mkono wake mzima, ananiambia pumua, mjinga wewe, pumua. Kumbe mimi ndiye nilikuwa sipumui.

*

Tume iliundwa. Nchi ilichukuliwa na naibu waziri mmoja aliyechelewa sikukuu kwa sababu ya kuharisha, sasa yeye ndiye Mbeba Nchi. Tume ikagundua kwamba nguzo zilianguka kwa sababu hazikupigwa vya kutosha. Maiti ya Injinia Lukindo ilipatikana chini kabisa, ikafungwa pingu, ikashitakiwa kwa uzembe, na jeneza likachapwa mijeledi uwanjani mbele ya mjane wake. Mjane hakulia. Alisimama wima kabisa, na askari waliogopa kumwangalia.

Mbeba Nchi mpya akaagiza jukwaa jipya, refu zaidi. Mabomba yakatolewa kifusini, yamekunjika kama vidole vya mtu mzee, yakapangwa pale Kituoni yanyooshwe. Ila askari wazoefu walikuwa wameisha, Afande Ndumba mwenyewe tulimzika kwa vipande. Kwa hiyo ikatoka amri kazi ifanywe na sisi akina uzito. Tukapewa nyundo.

Sijui kama umewahi kuona raia wanafanya kazi ya serikali kwa moyo. Mimi niliona siku ile. Mjane wa Injinia alikuja bila kuitwa, akachagua nyundo kubwa kuliko zote. Watoto wa muuza maandazi walikuja. Shomvi, na mkono wake uliokauka, alikuwa anapita bomba kwa bomba, analipapasa kwa kiganja kama anatafuta jino bovu. Akifika kwenye kovu anasimama.

"Hapa, Pazi."

Nikapiga.

"Palepale."

Nikapiga tena.

Afande mpya, kijana tu, sare bado ina mikunjo ya dukani, alitutazama akaguswa. Machozi yalimlenga.

"Mnajituma sana," akasema. "Mnaipenda nchi."

"Tunaipenda, Afande," Shomvi akamjibu. Akaashiria kwa kidevu mabomba machache yaliyoegemezwa ukutani, mapya, yaliyonyooka, ambayo hayajaguswa na mtu. "Hata yale naona msimamo wake haujulikani. Yalete yote."